Hatua Nne za Bettiri

Bettiri Larralde alipiga noti tatu maisha yake yote.

Klika yetu, yaani bendi ya mabaragumu na ngoma, ina watu arobaini na wawili. Mbele wanatembea wenye mabaragumu madogo, nyuma wenye ngoma, na katikati sisi wa besi. Mabaragumu yetu hayana vibonyezo. Noti unaitafuta kwa midomo na pumzi tu, na sisi wa besi tumepewa zile chache za chini. Wa mbele ndio wenye wimbo. Sisi tunapiga mara mbili, tunanyamaza, tunahesabu hatua, tunapiga tena. Ukimsikia mtu wa besi akijifunza peke yake, huwezi kujua anapiga wimbo gani. Utadhani anaita ng'ombe aliyepotea.

Bettiri alijifunza peke yake kwa zaidi ya miaka ishirini, katikati ya kondoo elfu mbili. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mkate.

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Kila wiki nilipakia pikapu mikate, mvinyo, jibini, maharagwe, mapipa ya maji na chumvi ya kondoo, nikazunguka kambi moja baada ya nyingine. Majira ya baridi kondoo walikuwa bondeni karibu na mji. Mvua zikiisha walipelekwa jangwani Mojave, wakale majani na maua kabla jua halijayakausha. Kiangazi walipanda milimani. Mchungaji alikuwa waliko kondoo. Bettiri alikuja mwaka wa sitini na tatu, akiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa mkataba wa miaka mitatu, na alisema ikiisha anarudi kwao ng'ambo, kwa Wabaski wa Ufaransa. Sisi sote tulisema hivyo.

Siku ya kwanza nilipofika kambini kwake nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka nyumbani mwezi uliopita. Alinitazama nikishusha mizigo, hakunisaidia.

"We ndiye mpya?"

"Ndiyo, kaka."

"Wa nyumba gani?"

Kwetu mtu hujulikana kwa jina la nyumba aliyozaliwa. Nikamtajia.

"Aa. Wale wenye punda kipofu."

"Alikufa, kaka. Zamani."

"Basi kumbe nimekaa sana huku," akasema, akachukua gunia la chumvi na kuliweka begani.

Yeye alitoka nyumba ya Harluzea, kijiji cha jirani, upande wa pili wa kilima. Huko aliwaacha mama yake na dada yake Gaxuxa. Tulipokuwa na nafasi tulicheza mus, ambayo ni karata ya watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Sisi tulikuwa wawili tu. Kwa hiyo Bettiri aligawa karata za wanne, akalaza za wale wawili wasiokuwepo kifudifudi juu ya sanduku, na alipofungwa alimlaumu mwenzake ambaye hayupo. "Mwangalie huyu," alisema, "ana wafalme wawili na amekaa kimya."

Klika ilianzishwa mjini na Erramun, mwoka mikate. Kulikuwa na wanaume waliojifunza baragumu jeshini huko Ufaransa, na Erramun aliona haya kwamba katika sikukuu yetu ya mwisho wa Mei, baada ya misa na kabla ya kondoo wa kuchoma, watu walikuwa wanasimama tu na glasi mikononi. Alimfuata Bettiri majira ya baridi, kondoo walipokuwa bondeni, akiwa na baragumu la besi kwapani.

"Chukua."

"Mimi sijui muziki, bwana."

"Nani anajua? Mimi naoka mikate. Wewe unakaa na kondoo elfu mbili wasiokujibu neno. Pumzi yako yote umeiweka akiba. Chukua."

Akalichukua.

Nyimbo za jeshini walikuwa nazo, lakini Erramun alitaka wimbo wa kwetu. Gaxuxa alikuwa ameandika kwamba kijiji chao sasa kina klika, na siku ya sikukuu inapita barabarani kutoka kanisani hadi uwanja wa mpira wa pelota, ikipiga wimbo mmoja ambao watu wote wanaupenda. Klika hiyo ilianzishwa baada ya Bettiri kuondoka, kwa hiyo hakuwahi kuisikia. Akamwandikia dada yake aazime mashine ya kurekodi. Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Mwezi wa kumi kanda ikafika kwa posta, imefungwa ndani ya soksi ya sufu.

Tuliisikiliza katika duka la mikate, tumekaa juu ya magunia ya unga. Wimbo ulikuwa mzuri. Unaanza chini, unapanda, unapanda, na pale unapofika juu kabisa, ghafla kimya. Kimya cha hatua nne. Ndani yake kunasikika mkwaruzo hafifu, halafu mabaragumu yanarudi kama vile hakuna kilichotokea.

"Kanda imeharibika," mmoja akasema.

"Haijaharibika," Erramun akasema. "Rudisha. Sikiliza vizuri. Huo mkwaruzo si miguu? Wananyamaza ili viatu visikike."

"Kwa nini mtu anyamaze wimbo ukiwa juu?"

"Ndiyo maana wewe unauza majani ya ng'ombe na wao wana klika."

Wakamgeukia Bettiri, kwa kuwa kanda ilikuwa yake na kijiji kilikuwa chake. Naye alikuwa hajui zaidi ya wao. Akasema, "Gaxuxa hawezi kunitumia kitu kibovu." Basi ikawa hivyo. Tukajifunza wimbo na kimya chake.

Sikukuu ya Mei iliyofuata tulipita uwanjani tumevaa nyeupe, mishipi myekundu kiunoni, bereti vichwani. Tulipofika juu ya wimbo tukanyamaza wote pamoja, na viatu vikalia juu ya changarawe, moja hadi nne kwa lugha yetu: bat, bi, hiru, lau. Halafu mabaragumu yakarudi. Kina mama waliacha kuzungumza. Mzee mmoja alivua bereti yake bila kujua anaivulia nini. Tangu mwaka huo watu wakaanza kukingoja kile kimya, na watoto waliruka kando ya njia wakikanyaga pamoja nasi.

Mazoezi yalikuwa kila Alhamisi. Bettiri hakuyahudhuria. Yeye alikuwa na kondoo, na siku aliyoruhusiwa kushuka ilikuwa moja tu kwa mwaka, siku ile ya sikukuu. Mimi nilijiunga na besi, nikasimama karibu na nafasi yake, na kila wiki nilimpelekea habari pamoja na mkate: hapa wameongeza kasi, pale ngoma zinaanza mapema. Betri za kinasa sauti chake zilikuwa katika orodha yangu baada ya chumvi. Nilipokaribia kambi nilizima injini juu ya kilima nimsikilize. Noti mbili. Kimya. Noti moja. Mbwa wake, Lagun, alikuwa akimsaidia kwa kulia. Katika jangwa lile pana, zile noti tatu zilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Barua ya Gaxuxa iliyoleta habari za msiba niliileta mimi, bila kujua. Ilikuwa siku chache baada ya sikukuu hiyo ya kwanza, kondoo wakiwa njiani kwenda milimani. Aliisoma akiwa amesimama kando ya pikapu. Alipomaliza hakuikunja. Alinipa.

"Soma."

"Ni yako, kaka."

"Soma, Xalbat. Sitaweza kukusimulia."

Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa nne. Gaxuxa aliandika habari za ugonjwa na mazishi, na chini kabisa, kwa herufi zilizobanana kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha, aliandika hivi. Ule wimbo niliokutumia, mahali unapozibwa, ni kiganja changu. Mama alikuwa kando yangu. Aliinama kwenye mashine akitaka kukwambia neno, nami nikaziba kipaza sauti, nikamwambia asiharibu muziki. Aliinuka, hakusema tena. Nimejaribu kukumbuka alianzaje. Sikumbuki. Unisamehe.

Nilimrudishia karatasi. Sikujua la kusema, na mimi hata nikijua huwa sisemi.

"Usiwaambie," akasema.

"Kwa nini? Wangekuelewa."

"Ndiyo maana. Wakijua watanionea huruma mahali pale. Sitaki huruma. Nataka wakanyage tu, na mimi nisikilize."

Akaenda kuwatazama kondoo. Niliposhusha mikate niliona soksi ile ya sufu juu ya kitanda chake, na kanda ndani yake.

Miaka ikapita. Hakurudi kwao. Nyumba ilikuwa sasa ya Gaxuxa na mume wake, na watoto wao waliongea naye kwenye simu kwa adabu, kama mtu anavyoongea na daktari. Wachungaji wa kwetu waliacha kazi mmoja mmoja, wakaoa, wakafungua mikahawa, wakawa watunza bustani. Waliokuja badala yao walitoka Peru. Walikuwa vijana wema, walimwita babu kabla hajafika miaka hamsini, lakini jioni waliongea wao kwa wao. Bettiri alibaki na nyumba yake ya magurudumu, Lagun wa tatu, na noti zake.

Erramun alipokufa, klika ikachukuliwa na Ellande, mjukuu wake, mwalimu wa muziki aliyezaliwa hukuhuku. Kijana mzuri. Alitufundisha kusimama wima na kupumua kwa tumbo. Mwaka wa tisini na tisa akatuletea habari kubwa: klika ya kijiji cha Bettiri, ile yenyewe ya kwenye kanda, inakuja kwenye sikukuu yetu. Tutaandamana pamoja, klika mbili, wimbo mmoja. Na walikuwa wametuma karatasi za muziki.

Jumanne ile nilipompelekea mkate, Bettiri alikuwa ameshapata habari kwa Mperu aliyeleta maji.

"Karatasi zinasemaje?" akaniuliza.

"Sijui kuzisoma."

"Ellande anasemaje?"

"Anasema pale hakuna kimya. Anasema wao wanapiga moja kwa moja, na sisi tumekuwa tukiruka hatua nne miaka yote. Alhamisi kutakuwa na mkutano."

Alikata jibini vipande vyembamba sana, akavipanga, asile hata kimoja. Kondoo walikuwa wanazaa bado, asingeweza kutoka.

"Nenda ukaniongelee," akasema. "Sijawahi kuomba kitu pale. Waambie wageni wapige yao na sisi tunyamaze kama siku zote, hatutagongana, hatua ni zilezile. Wakikataa, waambie sababu. Nakuruhusu."

"Nitawaambia, kaka."

"We unaogopa watu."

"Nitawaambia."

Njiani nilijifunza maneno kama nilivyojifunza katekisimu. Niliyasema kwa sauti ndani ya pikapu, na ndani ya pikapu yalitoka vizuri.

Mkutano ulikuwa ukumbini, nyuma ya jiko. Ellande aliweka karatasi ukutani, akaonyesha kwa kidole. "Hapa. Ndipo babu alipokosea. Kanda ilikuwa na tatizo, yeye akadhani ni miguu."

Watu wakaangua kicheko. "Miaka ishirini na tatu," mwenye ngoma akasema, "tunanyamaza kama watu waliosahau funguo."

"Na mke wangu analia kila mwaka mahali hapo."

"Mwambie alikuwa analilia betri."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaona aibu mbele ya wageni wanaokuja, na kicheko kilikuwa njia ya kuitoa. Ellande akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama. Nadhani nilisimama, au nilisogeza kiti tu. Watu wawili watatu wakanigeukia, na maneno yote niliyoyapanga yakawa kama noti za baragumu lililogandishwa na baridi. Mtu akasema, "Xalbat anataka kwenda msalani, mpisheni." Nikaketi. Ellande akaomba wanaokubali kusahihisha wimbo wainue mikono.

Niliinua wangu.

Jumanne nilizima injini juu ya kilima kama kawaida. Hakuwa anapiga. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake ananingoja.

"Ulisema?"

"Sikusema."

"Hata kidogo?"

"Niliinua mkono pamoja nao."

Nilingoja anitukane. Ningemshukuru. Akaupokea mkate, akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole kama alivyozoea, kusikiliza kama umeiva.

"Basi," akasema. Kisha: "Karatasi ya besi umeileta?"

Nilikuwa nimeileta. Ellande alikuwa ameandika juu yake, kwa kalamu nyekundu, hatua nne mpya: noti mbili, noti mbili. Nilimwimbia kwa mdomo. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ambayo hatakwenda.

Siku ya sikukuu tulikuwa zaidi ya themanini. Wageni walivaa kama sisi, wakanyanyua magoti juu kuliko sisi. Bettiri alikuwa kushoto kwangu, amenyoa ndevu, shingo yake imeungua na jua hadi mstari wa kola. Wimbo ukaanza chini, ukapanda. Mimi niliangalia mgongo wa mtu wa mbele. Tulipofika juu, klika mbili zikaendelea kwa nguvu, moja kwa moja, na kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko tulivyowahi kupiga. Nami nilipiga. Pembeni nikaliona baragumu la Bettiri linashuka kutoka midomoni, polepole, mpaka kifuani. Hakukosea hatua. Alitembea hatua nne kichwa kimeinama upande mmoja kidogo, kama mtu anayeongea na mtu mfupi kuliko yeye. Kisha akaliinua tena, akaingia mahali pake barabara.

Mezani, mbele ya sahani za maharagwe na nyama, mwenye besi wa wageni, jina lake Ximun, alikuja na glasi yake.

"We mzee, pale juu ulishusha baragumu. Pumzi imekatika?"

"Pumzi ninayo."

"Sasa nini?"

"Dada yangu alinifundisha hivyo."

"Dada yako nani?"

"Gaxuxa wa Harluzea."

"Gaxuxa?" Ximun akageukia meza nzima. "Jirani yangu. Gaxuxa hawezi hata kupiga mluzi."

Meza ikacheka, na Bettiri akacheka nao, akamjazia Ximun glasi. Baadaye tulipokuwa tunarudi jangwani, yeye na baragumu magotini, nilimwambia, "Nisamehe, kaka."

"Si wewe uliyeziba," akasema.

Hilo tu. Sikujua kama ananisamehe au anamsamehe mwingine.

Miaka miwili baadaye magoti yalimshinda, akashuka mjini kwa kukaa. Alipanga chumba katika nyumba ya wageni ya Wabaski, ghorofa ya pili, dirisha likitazama reli. Kwa mara ya kwanza akaja kwenye mazoezi ya Alhamisi. Nilidhani atafurahi. Aliketi pembeni, watu wakimsalimia na kuendelea na mazungumzo waliyoanza wiki iliyopita, na yeye hakuwahi kuwa katika wiki iliyopita. Kila tulipofika juu ya wimbo alishusha baragumu. Mara ya kwanza Ellande alisimamisha klika yote.

"Mzee Bettiri, hapo tunapiga."

"Najua."

"Tuanze tena."

Tukaanza tena. Akashusha tena. Ellande akatutazama, akafanya ishara ndogo kwa mkono, ya kumwacha. Niliielewa ishara hiyo. Ilikuwa inasema mzee ameanza kusahau. Tangu siku hiyo walimwongelesha kwa sauti kubwa na maneno machache. Neno langu moja lingetosha kuwaonyesha kwamba alikuwa anakumbuka kuliko wote. Lakini zamani alikuwa ameniambia nisiseme, na ingawa baadaye aliniruhusu, mimi, kwa aibu yangu, nilijificha nyuma ya agizo lile la kwanza.

Alifariki mwezi wa pili wa mwaka elfu mbili na nne, ugonjwa wa siku tisa. Niliitwa kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi yake. Mali yake ilienea juu ya kitanda: nguo nyeupe za klika, mshipi, karata za mus, baragumu na soksi ya sufu yenye kanda.

Asubuhi ya mazishi, nje ya kanisa, Ellande alinijia. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Wewe ulikuwa rafiki yake. Kuna kitu alikitaka? Wimbo gani?"

"Ule wa kijijini kwao."

"Bila shaka."

"Na kile kimya," nikasema. Sauti yangu ilitoka. Nilishangaa mwenyewe. "Kirudisheni leo."

"Kimya gani?"

"Hatua nne. Pale juu."

"Aa, lile kosa la babu." Alitazama klika ikijipanga. Nusu yao walikuwa vijana walioingia baada ya wageni kuja. "Xalbat, nusu ya hawa hawakuwahi kulijua. Nikiwaambia sasa hivi wataparaganyika. Wengine watanyamaza, wengine watapiga. Mbele ya jeneza itakuwa aibu. Ungeniambia jana."

"Ndiyo."

"Lilikuwa na maana gani kwake?"

Padri alikuwa ameshafungua mlango, na wabebaji wanatoka. "Basi, acha," nikasema.

Nilipiga baragumu lake siku ile, na ndilo ninalopiga mpaka leo, katika nafasi yake. Nimeisikiliza kanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nimejaribu kwa sauti ya juu, nimejaribu kwa kuweka sikio. Kuna kiganja kinachojisugua, na chini yake muziki wa mbali kama uko chini ya maji. Hakuna neno.

Kila mwisho wa Mei tunapita uwanjani. Wimbo unaanza chini, unapanda, na tukifika juu nalishusha baragumu hadi kifuani na kuhesabu. Wenzangu wanapiga kwa nguvu pande zote, hakuna anayesikia pengo, besi moja haimpungukii mtu. Mwenye ngoma nyuma yangu huniambia kila mwaka, "Xalbat, umepotea tena," nami humjibu kwamba nimepotea. Bat, bi, hiru, lau. Nageuza kichwa upande ule aliougeuza yeye, nasikiliza, kisha napiga noti zangu.